Siku Tuliyowashangilia St. Bertrand

Jumamosi ile mdogo wangu Reid alikoka moto wa sauna saa tisa mchana, saa mbili nzima kabla ya wakati wake, nikajua hataki kuiona mechi.

Kwetu Torvola sauna, kile kibanda cha mvuke na mawe ya moto nyuma ya nyumba, ni ya Jumamosi jioni. Baba huingia kwanza, kisha wengine, kisha chakula. Hakuna anayekoka moto saa tisa ila mtu mwenye neno moyoni. Nilimwona kwa dirisha la jikoni kwa Baba, akipita katikati ya kuta mbili za theluji zilizomfika mabegani, kuni kwapani, kichwa chini. Venla, binti yangu wa miezi tisa, alikuwa kiunoni mwangu akitafuna kijiko cha mbao.

"Mjomba wako amenuna," nilimwambia.

Venla akacheka. Yeye hucheka chochote.

Sababu ya kununa kwake naijua, maana nusu ya kosa ni yangu.

Reid ni kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya chuo chetu, na ule ulikuwa mwaka wake wa nne, yaani wa mwisho. Chuo chetu kina miaka thelathini na moja hakijaitwa kwenye mashindano ya taifa. Timu kumi na sita huitwa kila Machi. Sita ni mabingwa wa kanda zao, na hao hawana mjadala. Kumi zilizobaki hazichaguliwi na mtu, zinachaguliwa na hesabu. Hesabu yenyewe inaangalia umeshinda mara ngapi, halafu inaangalia wale uliocheza nao wameshinda mara ngapi, halafu na waliocheza na hao. Kwa hiyo timu mliyokutana nayo siku mbili tu mwezi wa Novemba mnaendelea kubebana nayo mpaka majira ya theluji yaishe. Ikishinda huko iliko, nanyi mnapanda kidogo mkiwa mmelala. Ikifungwa, mnashuka.

Sisi tulikuwa tumeshatolewa katika kanda yetu wiki moja nyuma, moja kwa bila. Reid aliokoa mikwaju arobaini na mmoja siku ile na hakuna aliyemlaumu. Kilichobaki kilikuwa hesabu. Jumamosi asubuhi Dunmore, chuo cha huko Massachusetts, walikuwa wa kumi kati ya wale kumi, wakiwa na sifuri nukta 5412. Sisi tulikuwa wa kumi na moja. Nukta 5409. Tatu tu, mwishoni kabisa.

Sasa turudi Novemba. St. Bertrand ni chuo kidogo cha milimani, jimbo la New York, na walifika kwetu wakiwa wamefungwa mechi nane mfululizo. Ijumaa tuliwapiga tano kwa moja. Jumamosi walikaza. Zikiwa zimebaki sekunde kumi na tisa, mbili kwa mbili, nahodha wao, kijana mrefu aliyechoka, akakipiga kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kutoka nusu yake mwenyewe, akitaka tu kiondoke pale kilipo. Kikaja polepole. Mtu angeweza kuimba ubeti mzima. Reid aligeuza shingo kutazama atampasia nani, na kisahani kikampita katikati ya miguu.

Tatu kwa mbili.

Tangu siku hiyo, akiingia duka la ushirika, kulikuwa na mtu wa kupaza sauti kutoka kwenye rafu za maziwa, "Reid! Funga mlango, baridi inaingia!" Hapa kwetu hatumtanii mtu tusiyempenda, na yeye alicheka nao. Lakini mimi nilimlea kidogo, nikamfunga kamba za viatu vyake vya kwanza vya barafuni, na kicheko chake halisi nakijua. Kile hakikuwa chenyewe.

Baba hakumwambia kitu. Baba ndiye anayeendesha ile mashine kubwa ya kulainisha barafu uwanjani, aliliona goli lile akiwa ameketi juu yake pembeni, na kwa miezi minne hakulitaja hata mara moja. Nadhani hilo lilimuuma Reid kuliko utani wote wa dukani.

Halafu mimi. Jumanne jioni ninasoma takwimu, Curt mume wangu akibaki na Venla endapo hajaitwa kusafisha theluji barabarani. Mwalimu alituambia kila mtu atafute hesabu anayoipenda, nami nikachagua hii. Nikaingiza mechi zote za vyuo vyote kwenye kompyuta, wiki tatu za kazi, Venla akilala kifuani. Mwezi wa Februari nikaiuliza swali ambalo nisingepaswa kuliuliza: je, goli lile lisingeingia, tukashinda? Ikajibu kwamba tungekuwa wa nane. Kalamu nyekundu ilikuwa karibu, nikaandika kwenye kalenda ya jikoni kwangu, ukurasa wa Machi uliokuwa bado umefunikwa: "Bila goli la St. B. = wa 8." Nikasahau.

Jumapili ya kwanza ya Machi Reid alikuja kula kama kawaida. Aliona kalenda bado iko Februari. Akageuza ukurasa.

Alikula sambusa zetu kubwa za nyama na viazi, mbili, akaosha sahani yake, akaondoka. Na wiki ile waliyotolewa alizipeleka kinga zake za miguu kwenye banda la Baba, zikiwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi: "Wapeni sekondari. Wazitumie."

Ndiyo maana alikuwa anakoka moto saa tisa.

Mechi zote nyingine zilikuwa zimekwenda jinsi zilivyotarajiwa. Ilibaki moja, saa kumi na moja, fainali ya kanda ya mashariki: St. Bertrand na Harmon Falls. Bingwa wa kanda ile angeingia kwa ubingwa wake, awe nani, kwa hiyo hakuna ambaye angetunyang'anya nafasi kwa kushinda. Ila sisi tulikuwa tumecheza na St. Bertrand mara mbili, na Dunmore hawakuwa wamecheza na yeyote kati ya hao wawili. St. Bertrand wakishinda, sisi tunapanda hadi 5414, Dunmore wanabaki. Harmon Falls wakishinda, Reid ameshacheza mechi yake ya mwisho. Basi mji mzima wa Torvola, watu waliosaga meno tangu Novemba, siku hiyo walifunga shingoni vitambaa vya zambarau, rangi ya St. Bertrand. Duka la ushirika liliishiwa utepe kabla ya saa sita.

"Miaka thelathini na moja," Baba alisema akijitupa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, "na leo nakaa kumwombea Mbertrand."

"Mwombee kwa sauti, Baba, mungu wao yuko mbali."

"Wewe profesa wa jioni, kaa na mashine yako. Niambie tu nicheke au nilie."

Niliweka kompyuta kwenye meza ya chakula, Venla kwenye mkeka, na kipindi cha kwanza kikaanza.

Harmon Falls walifunga mapema. Nikavaa buti za Baba, nikapita ile njia ya theluji hadi sauna, nikasukuma mlango.

"Nani?" Reid aliuliza kutoka kwenye mvuke.

"Dada yako. Moja bila, wanaongoza wale wengine."

"Funga mlango, baridi inaingia."

Maneno ya dukani, kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kisha akacheka puani, na mimi nikaingia chumba cha nje cha kubadilishia nguo, nikaketi juu ya buti za watu, ukuta wa mbao kati yetu.

"Wa nane, dada," alisema.

"Najua uliona."

"Uliandika kwa wino mwekundu."

"Ndiyo kalamu iliyokuwa karibu. Reid, nisamehe. Niliuliza swali la kijinga."

"Si la kijinga. Mechi moja. Sote tungekuwa tunapanga mabegi sasa hivi. Carlson na Dewey na wale wa mwaka wa nne wote, na Baba. Kwa sababu niligeuza shingo." Nilisikia akimwaga maji kwenye mawe, na mawe yakafoka. "Usiniambie ni moja kati ya thelathini na sita."

"Sikuja kukuambia hivyo. Nilikuja kukuambia nilisahau kuuliza swali la pili."

"Lipi?"

"Walipokuja hapa walikuwa wamefungwa nane mfululizo, si ndiyo? Baada ya goli lile wamecheza ishirini na tatu. Unajua wameshinda ngapi?"

Benchi la mbao likalia alipogeuka.

"Kumi na nane. Na kila waliposhinda sisi tulipanda kidogo. Tuseme ungekidaka kile kisahani cha yule nahodha. Je, wangezishinda hizo kumi na nane?"

"Wangezishinda?"

"Sijui."

"Ah, dada!"

"Nakuambia ukweli! Kompyuta haijui, mwalimu wangu hajui. Mimi niliondoa goli moja nikaacha vingine vyote vilivyo, kama mtu anayechomoa gogo la chini kwenye rundo la kuni halafu anachora rundo likiwa bado limesimama. Ile namba ya nane haipo popote. Niliitengeneza jikoni."

Nilisikia Baba akipiga kelele ndani ya nyumba, nikarudi mbio. Moja kwa moja. Baba alikuwa amesimama, kitambaa cha zambarau kichwani, Venla ameshikilia suruali yake.

"Yule nahodha mrefu!" alisema. "Jambazi lile lile! Piga, mwanangu, piga!"

Kipindi cha tatu St. Bertrand walipata la pili. Dakika tano zilipobaki nilivaa tena buti za Baba. Dakika mbili. Moja. Nikasimama tayari kwenda kugonga ukuta wa sauna kwa ngumi. Sekunde hamsini zikiwa zimebaki, Harmon Falls wakamtoa kipa wao, wakajaza watu mbele, na kisahani kikamgonga mtu gotini kikaingia.

Mbili kwa mbili. Muda wa nyongeza.

"Bado," alisema Baba. "Bado. Wakishinda sasa si sawasawa?"

Nilikuwa nimekwishabofya. Katika kompyuta yangu kila mechi ya muda wa nyongeza ilikuwa na alama yake, kwa sababu mwaka mzima ndivyo ilivyo: mkienda muda wa nyongeza, anayeshinda hapewi ushindi mzima, anapewa zaidi kidogo ya nusu, na aliyefungwa anapewa kinachobaki. Niliandika St. Bertrand wameshinda kwa nyongeza. Namba ikatoka: 5411. Dunmore 5412.

"Profesa?"

"Haitoshi, Baba."

"Haitoshi vipi? Wakishinda?"

"Hata wakishinda. Inakosa moja."

Baba akavua kile kitambaa polepole, akakiweka magotini, akakikunja mara nne. Sijawahi kumwona akikunja kitu vizuri namna ile. Nami nikaona ni afadhali Reid asikie kwangu kuliko kwenye simu ya mtu.

Safari hii nilitembea. Theluji ilikuwa imeanza kupata rangi ya samawati ya jioni. Nilifungua, nikaketi mahali pale pale.

"Wamesawazishiwa," nilisema. "Wako muda wa nyongeza. Lakini imekwisha, mdogo wangu. Ushindi wa nyongeza ni kama nusu tu. Nimepiga hesabu mara mbili. Tunabaki chini kwa moja."

Maji kwenye mawe. Kisha sauti yake, taratibu, kama mtu anayehesabu vidole:

"Wako wangapi kwenye barafu?"

"Nini?"

"Kila upande. Wamebaki wangapi? Watatu?"

Nilifumba macho nikaiona televisheni. "Hapana. Watano. Watano kwa watano, na makipa."

"Na saa inasoma ngapi? Dakika tano?"

"Ishirini. Reid, kwani..."

"Dada!" Mlango wa ndani ukafunguka kwa kishindo na mvuke ukatoka kama tumefungua sufuria. Amesimama pale mwekundu kama nyama ya samaki samoni, taulo moja. "Ile ya nusu ni ya watatu kwa watatu! Ile ya msimu, ya kuwahisha watu nyumbani! Hii ni ya mtoano, watano kwa watano mpaka goli. Hii ni mechi nzima! Wakishinda ni ushindi mzima!"

"Una hakika?"

"Nimesimama golini dakika sitini na tatu mwaka jana kwenye nyongeza kama hii, unaniuliza kama nina hakika? Wiki tatu uko na mashine hiyo, hukuuliza mchezaji hata mmoja?"

"Ulikuwa umenuna!"

Alishanipita. Alikimbia peku katika theluji, mvuke ukimtoka mabegani, nami nyuma yake na buti za Baba zikinivuka miguuni. Aliingia sebuleni akiacha nyayo za maji.

"Vaa suruali," alisema Baba, "kuna mtoto."

"Ni ushindi mzima, Baba. Dada amekosea."

"Profesa amekosea?"

"Profesa amekosea," nilisema, na sijawahi kufurahia kukosea namna ile. Baba akakikunjua kitambaa, akakifunga tena kichwani, safari hii kwa mafundo mawili.

Reid hakuketi. Alipiga magoti mbele ya televisheni, blanketi la Venla mabegani, na nilidhani atawatazama wafungaji. Alimtazama kipa wa St. Bertrand tu. Kijana mdogo, mwaka wa kwanza, kinga zake bado nyeupe. Harmon Falls walimshambulia kama nyuki kwa dakika sita, na kila mkwaju Reid alikuwa anamnong'oneza.

"Usitoke. Usitoke, mdogo wangu. Kiangalie. Kiangalie mpaka kiingie mkononi. Usitafute wa kumpa, bado. Vizuri. Vizuri sana. Pumua."

Baba alikuwa haangalii mechi tena. Alikuwa anamwangalia Reid.

Goli lenyewe lilikuwa baya. Dakika ya saba, mtu mmoja wa St. Bertrand, wala si yule nahodha, alianguka kona ya uwanja, akiwa chali akakisukuma kisahani kwa ncha ya fimbo, kikagonga kiatu cha mlinzi wa Harmon Falls, kikazunguka kama sarafu, kikaingia. Kwa sekunde moja hakuna aliyeelewa, hata wao. Kisha refa akanyoosha mkono kuelekea golini.

Torvola ni mji mdogo, na nyumba zetu zina madirisha ya vioo viwili. Nilisikia majirani kupitia vyote viwili. Mtu alikuwa anapiga honi ya gari la kusafisha theluji mtaa mzima, na baadaye niliambiwa ni mume wangu.

Reid aliketi sakafuni. Venla akatambaa hadi kwake akashika ndevu zake zilizolowa kwa mikono miwili, kwa nguvu, naye akamwachia. Mimi niliondoa ile alama ya nyongeza, nikabofya mara moja. 5414. Nikaigeuza kompyuta waione wenyewe.

"Dunmore?" aliuliza Baba.

"5412."

"Sawa." Akainuka, akachukua funguo kwenye msumari. "Tangazo ni kesho saa sita. Barafu nitaiweka tayari saa mbili asubuhi. Mtu asiyekuwa na kinga zake asije."

Reid alitoka na blanketi lile lile hadi bandani. Niliona taa ikiwaka, nikaona kivuli chake kikiinama. Aliporudi alikuwa amezibeba kinga zote mbili kifuani, na uzi ulikuwa umening'inia bila karatasi.

Asubuhi nilimpeleka Venla uwanjani. Tulikuwa sisi tu, na ile harufu ya barafu mpya. Nilimsimamisha kwenye kioo kinachozunguka uwanja, akakiachia alama ya pua. Reid alikuwa golini, mkubwa na mnene ndani ya vitu vyake vyote, akikwaruza barafu yake kushoto na kulia kama afanyavyo siku zote. Baba alimaliza mzunguko wa mwisho, akazima mashine, akashuka. Akachukua fimbo iliyokuwa imeegemezwa kwenye benchi, akateleza kwa viatu vyake vya kawaida, hatua fupifupi za mzee, hadi zaidi ya katikati ya uwanja. Kule kule alikokuwa amesimama yule nahodha Novemba.

Akaweka kisahani chini, akakisukuma.

Kilikwenda polepole, jinsi kile kilivyokwenda. Nilitamani kufumba macho. Reid alikitazama njia nzima, hakugeuza shingo, akapiga goti moja chini, akakifunika kwa mikono miwili, karibu akikalie. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akainua kofia yake ya chuma hadi kwenye paji la uso, na kile kicheko chake, chenyewe hasa, kikasikika mpaka kwenye viti vya juu.

"Baba," alisema, "lete kingine."